Ziara "Zilizobinafsishwa": Uhakiki wa Lugha ya Kuongozea Wageni Iringa na Mbeya

Maneno yafuatayo, au mengine yaliyo ndugu zake, hukutwa mara nyingi siku hizi katika matangazo ya safari yanayodai kuwa ya Kiswahili: "Ziara za kikundi za kutazama mandhari, zilizobinafsishwa na zinazoongozwa, za jiji la kihistoria." Ukiyasoma kwa sauti utaishiwa pumzi kabla hujajua unaambiwa nini. Ni dhahiri kwamba yalitungwa kwa Kiingereza, yakapitishwa katika mtambo wa kutafsiri, kisha yakabandikwa bila ya mtu kuyasoma. Hatuna haja ya kumtaja aliyeyabandika, kwani wenye kufanya hivyo ni wengi. Tunalokusudia ni kuyachukua maneno hayo na mengine ya jamii yake, na kuyapeleka mahali ambapo kazi yenyewe hufanyika. Tumechagua Iringa na Mbeya kwa sababu katika Nyanda za Juu Kusini mambo ya kuonyesha ni mengi, na kwa sababu wanaokwenda kuyaona si wageni wa ng'ambo peke yao. Wamo wanafunzi wanaoletwa kwa mabasi, watumishi walio likizo, wanakwaya walioalikwa na kwaya wenzao, na jamaa waliokuja arusini wakabakiwa na siku moja ya kutembea.

Jambo lenyewe si dogo. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 imeifanya kazi ya kuongoza watalii kuwa kazi ya leseni, na vitabu vingi vya kufundishia kazi hiyo vimeandikwa kwa Kiingereza. Mwongozaji aliyefundishwa kwa vitabu hivyo, anaposimama mbele ya wanafunzi wa darasa la tano pale Kalenga, hana budi kutafsiri papo hapo kwa mdomo. Akikosa neno huazima la tangazo. Basi mtoto hurudi nyumbani na historia ya nchi yake iliyosimuliwa kwa maneno ya muuza tiketi.

Tuanze na neno lililotupa kichwa cha makala haya. Hapa Tanzania kubinafsisha kuna maana moja inayojulikana na kila aliyekuwa na akili timamu katika miaka ya 1990: ni kulitoa shirika la umma mikononi mwa Serikali na kulitia mikononi mwa watu binafsi. Viwanda vilibinafsishwa, mashamba yalibinafsishwa, benki zilibinafsishwa. Msomaji akiambiwa kuwa ziara za Iringa zimebinafsishwa ana haki ya kuuliza zilikuwa mali ya shirika gani, na ziliuzwa kwa bei gani. Mtambo uliona tu kwamba ndani ya neno la Kiingereza mna habari ya mtu mmoja na matakwa yake, ukakimbilia kwenye "nafsi". Mtafsiri mwenye masikio asingefanya hivyo.

Dhana inayotafutwa ni nyepesi. Mgeni anasema anataka kuona nini, ana siku ngapi, miguu yake ina nguvu kiasi gani. Mwenyeji anapanga safari kwa kadiri hiyo. Wapo wanaosema "ziara maalumu", lakini neno maalumu limekwisha kuchoka kwa kubebeshwa kila kitu, tangu mgeni maalumu hadi kikosi maalumu. "Ziara mahususi" ni afadhali kidogo, ila haisemi umahususi huo umetokana na nani. "Ziara ya kuagiza" ina mfano mzuri katika kiti au kabati la kuagiza kwa seremala, lakini kuagiza kumekwisha kutekwa na bidhaa zitokazo nje. Fundi mmoja wa cherehani aliwahi kutuambia kuwa yeye angeiita "ziara ya kushonesha", na hakika dhana imo humo yote, pamoja na kupimwa na kurudi tena kwa ajili ya marekebisho; tunasikitika kwamba haitapita katika Kamati yoyote. Pendekezo letu ni ziara ya mapatano. Neno hili husema kwamba watu wawili wamezungumza kabla ya safari, na kwamba bei nayo imezungumzwa. Atakayetuambia kuwa mapatano yananuka mikataba ya vita, tutamkumbusha kwamba watu wanapatana bei sokoni kila siku bila ya kumwaga damu.

Lakini kubadilisha neno moja hakutaliponya tangazo lile. Ugonjwa wake mkubwa umo katika ujenzi. Kiingereza huweza kupanga sifa nyingi mbele ya jina kama mabehewa ya treni, na jina likaja mwisho likiyavuta yote. Kiswahili hakijengi hivyo. Ukizipanga sifa hizo nyuma ya jina utapata "za … za … zilizo … na zinazo … za", mlolongo ambao haumfikishi msomaji popote. Kiswahili hutaka kitenzi na hutaka watu. Ni nani anafanya nini, na nani? "Twawatembeza wageni mjini Iringa, kwa makundi, kwa mpango tutakaopatana." Hapa hakuna istilahi hata moja ngumu, na hakuna lililopotea. Hata "kutazama mandhari" kumemezwa na kutembeza, kwa maana katika Kiswahili mtu aliyekuja kutembea si lazima awe ametumia miguu. Amekuja kuona, kusalimia na kukaa kidogo. Walimu wa tafsiri wangefanya vema kuwapa wanafunzi wao sentensi ile iwe zoezi, wahesabu ni wangapi watakaoanza kwa kutafuta majina na ni wangapi watakaoanza kwa kutafuta kitenzi.

"Jiji la kihistoria" nalo lina kasoro mbili. Jiji ni cheo cha kisheria. Mbeya imekuwa jiji tangu mwaka 2005. Iringa ni manispaa. Mtumishi wa Serikali atakayeiita Iringa jiji katika waraka atakuwa ameipandisha cheo pasipo mamlaka. Ama "kihistoria", ni kivumishi kinachosema kidogo mno, maana hakuna mji usio na historia. Unguja walilitatua tatizo hili bila ya Kamati, wakasema Mji Mkongwe, na kwa jina hilo mji wao unajulikana katika urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Iringa haiwezi kuliazima jina hilo, kwa sababu ukongwe wake haumo katika nyumba zinazoonekana. Umo katika jina, na jina hilo lilihamishwa.

Yafaa hapa tueleze kwa urefu. Lilinga katika Kihehe ni ngome. Ngome hiyo, yenye ukuta wa mawe na udongo, ilikuwa Kalenga, makao ya Mkwawa, yapata kilomita 15 kutoka mji wa leo. Wajerumani chini ya Gavana von Schele waliishambulia na kuiteka tarehe 30 Oktoba, 1894. Mwaka 1896 Tom von Prince aliweka kituo kipya cha kijeshi juu ya kilima kulipo mji sasa, na kituo hicho kikapewa jina la ngome iliyobomolewa, likiwa limekwisha kugeuka katika midomo ya wageni kuwa Iringa. Kwa hiyo mji huu umevaa jina la mji mwingine, na waliouvalisha ndio walioubomoa ule wa kwanza. Mwongozaji anayeanza kwa kusema "karibuni katika jiji la kihistoria" ameupita mlango wa hadithi yake. Angeanza na neno lilinga, nusu ya kazi ingekuwa imekwisha kabla ya kuondoka kituo cha basi.

Tazama pia neno boma. Kwa asili ni ua au uzio, wa miiba, wa miti au wa mawe. Katika utawala wa kigeni likawa jina la jengo la mkuu wa wilaya. Boma la Iringa, lililojengwa na Wajerumani, limekuwa makumbusho ya mkoa tangu mwaka 2016, na jina Boma linalifaa kabisa. Tatizo huja pale ukuta wa Kalenga nao unapoitwa boma, "boma la Mkwawa". Msikilizaji, hasa mtoto, huyasikia maboma mawili asijue ni lipi lililipiga lipi. Wala hapana sababu ya umaskini huo. Boma libaki la Wajerumani; la Kalenga tuliite ngome katika maelezo ya jumla, na tuliite lilinga pale mtu anaposimama mahali penyewe.

Mtu atauliza kama yafaa kuingiza maneno ya Kihehe katika Kiswahili sanifu. Jibu limekwisha kutolewa na mazoea yetu wenyewe. Ikulu tuliipata kwa Wanyamwezi, na wanasarufi walikwenda kwa Wahaya wakarudi na ngeli. Kanuni ya kutafuta kwanza nyumbani, kisha katika lugha za Kibantu za jirani, ndipo kuvuka bahari, ni kanuni tuliyoihubiri tangu siku za mwanzo za Baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Ni ajabu kwamba tumeifuata zaidi katika maneno ya ofisini na ya darasani, ambako hakuna anayemjua mwenye neno, kuliko pale Iringa ambako mwenye neno amesimama mlangoni.

Mfano wa wazi ni cheo cha Mkwawa mwenyewe. Mkataba wa Versailles wa 1919, ambao katika kifungu cha 246 uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu lake, unamtaja kwa cheo cha Sultani, kwa kuwa Wajerumani waliwaita masultani watawala wengi wa bara. Waingereza walipokuja na utawala wao wa kupitia kwa wenyeji wakaleta chifu. Mabango na vitabu vyetu vimeshika hilo la pili, "Chifu Mkwawa". Lakini chifu ni mtumishi aliyetambuliwa na Gavana, akapewa mshahara na mipaka. Cheo hicho kilimstahili mjukuu, Adam Sapi Mkwawa, ambaye alikuwa chifu kweli katika utawala wa Waingereza kabla ya kuwa Spika wa Bunge letu. Hakimstahili babu, ambaye hakupokea mshahara wa mtu. Wahehe humwita mtwa. Tunajua pingamizi litakalokuja, kwamba wingi wake katika Kiswahili utakuwa watwa, na hilo litagongana na jina la jamii ya Watwa wa nchi za Maziwa Makuu. Ni pingamizi la haki. Lakini mgongano huo hutokea katika wingi tu, na mwongozaji ni mara chache kuhitaji wingi. Mtwa Mkwawa, Mtwa Munyigumba: hapo pana cheo na jina, na hapana wa kuchanganyikiwa. Wingi ukihitajika, "watawala wa Uhehe" inatosha.

Kosa kubwa kuliko hilo ni uasi. Limeingia kutoka katika vitabu vya Kiingereza, na bado husikika: "uasi wa Wahehe". Kuasi ni kuvunja utii uliokuwapo. Tarehe 17 Agosti, 1891, kikosi cha Emil von Zelewski, ambaye Waafrika walimpachika jina la Nyundo, kiliangamizwa pale Lugalo naye akauawa. Je, siku hiyo Wahehe walikuwa wamemtii nani hata waasi? Walikuwa wamevamiwa katika nchi yao. Kiswahili chetu kililiona jambo hili mapema katika habari ya 1905 hadi 1907. Twasema Vita vya Majimaji, hatusemi Uasi wa Majimaji. Basi na hivi ni Vita vya Wahehe na Wajerumani. Hapa hatubishani juu ya ladha ya maneno. Pale Lugalo ungalipo mnara uliojengwa na Wajerumani kuwakumbuka watu wao waliokufa. Mwanafunzi anayeelezwa habari za uasi mbele ya mnara huo ataondoka akidhani kwamba waliolala chini yake walikuwa wenye nchi.

Sasa tufike kwenye neno ambalo maofisa wa utalii wanalipenda kuliko yote: kivutio. Limeundwa vizuri. Linatokana na kuvuta, lina umbo la Kibantu, mtoto hulielewa. Kwa maporomoko ya maji au kwa simba wa Ruaha hatuna ugomvi nalo. Lakini orodha za vivutio vya Mkoa wa Iringa hutia Mlambalasi ndani yake, na Mlambalasi ni kaburi. Huko, magharibi ya mji, ndiko Mkwawa alikojiua tarehe 19 Julai, 1898, asikamatwe akiwa hai. Huko ndiko kichwa chake kilikokatwa, na mwili wake ukazikwa bila ya kichwa. Fuvu lilikwenda Ujerumani, likarudishwa na Gavana Twining mwezi Juni 1954, nalo limewekwa katika makumbusho ya Kalenga, ndani ya kioo. Kaburi mahali pamoja, kichwa mahali pengine, na vyote viwili twaambiwa ni vivutio.

Ajabu ni kwamba neno linalofaa limo ndani ya tangazo lile lile tulilolikosoa. Ziara, kwa asili yake ya Kiarabu na kwa matumizi ya pwani yetu, ni kwenda kuzuru, na kuzuru kwa namna ya pekee ni kuzuru makaburi ya watu watukufu. Ofisi zimelivua neno hili heshima hiyo. Siku hizi waziri yumo katika ziara hata anapokagua mtaro. Lakini Mlambalasi laweza kuvikwa tena joho lake. Watu waende Mlambalasi kuzuru, na mahali hapo paitwe mazuru au, kwa wasiolipenda umbo hilo, mahali pa kuzuru. Vivutio vibaki kwa vivutavyo. Na fuvu lisiitwe kionyeshwa wala mabaki. Mabaki ni ya chakula. Wataalamu wa mambo ya kale wamezoea kusema mabaki ya binadamu na sisi tumelizoea katika vitabu vyao, lakini mbele ya ukoo ambao ungali hai, neno hilo halisemeki. Kiswahili kina masalia, na kina fuvu, na yote mawili yanatosha.

Tukiwa hapo tuliguse na lile la malikale, ambalo limeenea katika maandishi ya wizara mahali pa mambo ya kale. Ni fupi, linaingia vizuri katika kichwa cha barua. Hata hivyo, mali ndani yake inatutia wasiwasi. Zana za jiwe za Isimila twaweza kuziita mali ya taifa. Kichwa cha mtu hakiwezi kuwa mali ya yeyote. Sheria ya mwaka 1964 ilipoitwa ya Mambo ya Kale, haikukosea.

Mtalii naye amepata bahati mbaya. Katika Kiswahili cha zamani kutalii kulikuwa ni kudurusu, kupekua, kutazama jambo kwa makini. Shina lake la Kiarabu ni kusoma, na ndugu zake mtalaa na mtaala wako shuleni hadi leo. Kwa hiyo kwa haki ya neno lenyewe, mwanafunzi anayeshika daftari Isimila ndiye mtalii kamili. Mazoea yameamua vinginevyo. Masikioni mwa wananchi mtalii ni Mzungu mwenye kamera, hata Serikali ikalazimika kubuni "utalii wa ndani" ili mwananchi ajione naye kaalikwa. Hatutegemei kuyageuza mazoea kwa makala moja. Ila tunawakumbusha walimu kwamba wanapoomba fedha ya kuwapeleka watoto Kalenga, na mzazi akauliza kama shule imegeuka kuwa ya kitalii, jibu limo ndani ya neno.

Kwa yule atangulizaye kundi, majina yanapigana. Vijana mjini wamechukua neno la Kiingereza na kulitamka kwa Kiswahili, likatoka "gaidi". Sina haja ya kueleza hatari ya kumwambia askari wa barabarani kuwa ndani ya gari mna gaidi na watu kumi na wawili. Kiongozi wa watalii ni neno safi, lakini kiongozi kwetu ana kiti cha mbele na msafara wa magari. Wapo wapenda mambo ya zamani wanaotaka kumfufua kirangozi, aliyetangulia mbele ya misafara ya karne ya 19 akiwaonyesha wapagazi njia. Neno lina mwendo mzuri. Lakini misafara ile ilibeba pembe na wakati mwingine ilibeba watu, na kirangozi aliijua njia bila ya kulazimika kuieleza. Wa leo kazi yake hasa ni maelezo, kwani njia ni ya lami. Mwongoza watalii, neno la maandishi ya Serikali, limeundwa kwa kanuni ile ile ya mwendesha mashtaka, nalo lingekuwa mwisho wa ubishi lau si ule mkosi wa mtalii tuliousema. Kwa kundi la wanafunzi au la wenyeji tunapendekeza mwongoza ziara, ambalo halimwambii mtu yeye ni nani kabla hajashuka garini.

Kuna jambo ambalo matangazo hayalijui kabisa, nalo ni kwamba ziara ya Kiswahili haiwezi kuwa ile ya Kiingereza iliyobadilishwa maneno. Chukua Kitanzini, mtaa ulio katikati ya Iringa. Mgeni wa ng'ambo huambiwa jina, kisha maana ya jina, kisha habari ambayo wenyeji husimulia, kwamba hapo ndipo Wajerumani walipowanyongea watu. Msema Kiswahili hana haja ya hatua ya kwanza wala ya pili. Amekwisha kusikia kitanzi. Mwongozaji anayemtafsiria Kitanzini Mswahili anapoteza wakati. Angemwacha asimame kimya, kisha amuulize anadhani jina limetoka wapi. Kwa upande mwingine, Gangilonga, jabali kubwa lililo juu ya mji, ni Kihehe, na hapo Mtanzania kutoka Tanga au Mara yuko sawasawa na mgeni wa London. Naye huyo anahitaji kuambiwa kuwa maana yake ni jiwe linalosema. Aambiwe hivyo, kisha jina lirudiwe lilivyo. Kuandika kwenye bango "Mwamba Unaozungumza" na kuliacha Gangilonga ni kulinyamazisha jiwe. Haya ndiyo mapatano ya kweli katika ziara: kujua msikilizaji wako amekuja na lugha ipi, ukampunguzia hapa na kumwongezea pale.

Isimila inatupa taabu ya namna nyingine. Zana zilizookotwa katika korongo hilo, zilizotambuliwa mwaka 1951 na kuchimbuliwa kitaalamu na F. Clark Howell kuanzia 1957, hukadiriwa kuwa na umri wa miaka 260,000 hivi. Kubwa kati yake huitwa kwa Kiswahili "mashoka ya mkono", kwa kufuata Kiingereza neno kwa neno. Sasa shoka kwetu ni chuma na mpini, na kila shoka hushikwa kwa mkono. Mtoto huuliza mpini umeoza? Mwongozaji hujibu kwamba haukuwapo, na mtoto huondoka akidhani mtu wa kale alikuwa mjinga aliyesahau mpini, ilhali ile ni zana kamili, yenye ncha na makali pande mbili, iliyoshikwa kiganjani kwa kukata, kuchuna na kuchimba. Neno shoka limemdhulumu fundi wake. "Zana ya kiganjani" ni maelezo zaidi kuliko jina, lakini haidanganyi. Nguzo za mchanga zilizosimama katika korongo la jirani hazina tatizo. Mmomonyoko ni neno ambalo kila mkulima wa Uhehe analijua kwa machungu.

Mbeya tutaipitia upesi, maana mji wenyewe ni mtoto. Ulikua mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya dhahabu ya Lupa, na jina lake hutajwa kuwa linatokana na neno la Kisafwa la chumvi. Kinachovuta watu kiko nje ya jiji. Mashuhuri ni Kimondo cha Mbozi, ambacho matangazo yangali yakikiita cha Mbeya ingawa Mbozi imo katika Mkoa wa Songwe tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2016. Ni bonge la chuma lenye nikeli kiasi, linalokadiriwa kuwa na tani 16, ingawa maelezo ya zamani husema 12. Wapo walimu wa sayansi wanaolalamika kwamba kimondo, au kimwondo, ni kile kimulimuli cha usiku ambacho wazee wa pwani walisema ni moto wanaorushiwa mashetani, na kwamba kilicholala Mbozi kinahitaji jina lake. Hatukubaliani nao. Kiswahili kimekifuata kitu kutoka juu hadi chini kwa jina moja, na anayetaka kutofautisha aseme kimondo kilichoanguka. Si kila tofauti iliyomo katika kamusi ya wengine ni deni letu.

Karibu na Tukuyu, juu ya mto Kiwira, kuna daraja lililofanyika kwa volkano, ambalo watu huliita Daraja la Mungu. Vipeperushi vingine vimeanza kuandika "daraja la asilia". Vivyo hivyo uwanda wa Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambao huitwa Bustani ya Mungu kwa maua yake. Mwongozaji na aseme jina la watu kwanza, halafu aeleze volkano. Mungu na volkano hawajagombana Rungwe.

Limebaki jambo la adabu. Matangazo haya humwamrisha msomaji: Gundua! Furahia! Weka nafasi yako sasa! Kugundua ni kukuta kisichojulikana, na Iringa haikupotea. Lakini zaidi ya hilo, anayesoma huenda ni mzee wa miaka sabini, na kijana asiyemjua anamwambia "furahia" kama anayemwamuru mtoto ale. Neno ambalo lingefaa mahali pa yote matatu ni karibuni, nalo halihitaji alama ya mshangao.

Kabla ya kuyapeleka mapendekezo haya mbele ya Kamati, tunawaomba wasomaji walio Iringa, Mbozi na Rungwe watuletee maneno ya Kihehe, Kinyiha, Kisafwa na Kinyakyusa yanayotumika kwa jiwe lililochongwa likawa kisu au kikwaruzo, pamoja na mfano wa sentensi moja au mbili za jinsi linavyosemwa. Wazee wanaochuna ngozi wangefaa kuulizwa kwanza.